Barabara Ikishafungwa

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, na ninyi vijana wa bodaboda mlioacha vijiwe siku ya Jumamosi, siku ya hela, mkaja kumsikiliza mtu wa Tanga aliyekimbilia Ulaya: nawashukuru sana.

Mwenyekiti alinipigia simu akaniomba nizungumzie usalama barabarani. Nikamwambia sawa. Baadaye nikakaa nikawaza, nikaona mihadhara ya usalama mmeshaisikia mpaka basi, na ikianza tu kila mtu anachungulia simu. Kwa hiyo leo nazungumzia kinyume chake. Nazungumzia watu wanaokimbiza pikipiki kilomita 320 kwa saa kwenye barabara ya kawaida kabisa, kati ya ukuta wa mawe na nguzo ya taa. Na nitajaribu kuwaeleza kwa nini mimi, muuguzi, ambaye mkate wangu ni kufunga vidonda vya watu, nimeshakwenda kuwatazama mara saba na sijui kama nitaacha.

Najua kuna mmoja wenu tayari ana methali ya haraka mdomoni. Aimeze. Leo haitatufaa.

Tuanze na kipimo cha nyumbani. Chukua pikipiki yako hapa Mwenge, pita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, ufike Bagamoyo. Ukitoka alfajiri kabla ya foleni, na matrafiki wakikuhurumia, ni kama saa nzima. Si ndiyo? Naona huyu wa nyuma anatikisa kichwa, yeye anatumia dakika arobaini. Haya, na wewe nitakufikia.

Katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland kuna kisiwa kinaitwa Isle of Man. Ni kidogo kuliko Pemba. Kina paka wasio na mkia, kina kondoo wengi, kina mvua, na bendera yake ina miguu mitatu iliyoungana pajani, na kwenye nembo rasmi ya kisiwa, chini ya miguu hiyo, wameandika kwa Kilatini kwamba popote utakapoitupa itasimama. Kila nikiyasoma maneno hayo kwenye kisiwa chenye mbio za pikipiki hucheka, kisha najuta kucheka. Barabara ya mbio zao inazunguka kilomita 60 na ushei, safari inayokaribiana na hiyo yetu ya Bagamoyo. Mwaka 2023 Mwingereza mmoja, Peter Hickman, akiwa juu ya BMW, aliizunguka kwa dakika 16 na sekunde 36. Wastani wake ulikuwa kilomita 219 kwa saa. Nasema wastani. Ndani ya wastani huo mna kona inayomlazimisha kushuka hadi gia ya kwanza, mna daraja linalomrusha hewani, mna mlima wa kupanda na kuteremka. Hesabu mwenyewe ni kasi gani alikuwa nayo kwenye nyoofu mpaka kufidia hayo yote.

Na barabara yenyewe msiifikirie kama uwanja wa mbio mnaouona kwenye televisheni, ule wenye mchanga pembeni na matairi yaliyopangwa ili mtu akidondoka ateleze, ainuke, ajipanguse. Hii ni barabara ya watu. Inapita mbele ya kanisa, mbele ya baa, mbele ya shule, katikati ya vijiji. Ina mifuniko ya mitaro, ina alama za pundamilia, ina kingo za zege. Asubuhi limepita gari la maziwa. Mchana anapita Hickman.

Kwa nini huko na si London? Kwa sababu ya sheria. Mwaka 1903 Uingereza ilitunga sheria ya magari iliyokataza chombo cha moto kuzidi maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, na wakubwa wa huko hawakutaka kusikia habari ya kufunga barabara za umma ili watu washindane. Lakini Isle of Man iko chini ya mfalme tu; si sehemu ya Uingereza, na ina bunge lake la kale linaloitwa Tynwald. Mwaka 1904 bunge hilo likapitisha sheria ya kuruhusu barabara zifungwe kwa mashindano. Yalianza magari. Tarehe 28 Mei 1907 zikaja pikipiki, katika mbio zilizoitwa Tourist Trophy, TT kwa kifupi, na mshindi wa pikipiki za silinda moja, Charlie Collier juu ya pikipiki ya Matchless, alikimbia kwa wastani wa kilomita 61 kwa saa, kwa zaidi ya saa nne, kwenye vumbi. Siku hizo pikipiki nyingine zilikuwa bado na pedali za baiskeli, ukifika mlimani unaisaidia injini kwa miguu. Mwaka 1911 mbio zikahamishiwa kwenye mzunguko mrefu wa mlimani, ule ambao Hickman alikuja kuukimbia miaka mia na kumi na kitu baadaye, na mwaka huohuo, katika mazoezi, mpanda pikipiki wa kwanza akafa. Victor Surridge, kijana. Jina lake liko mwanzo wa orodha ndefu.

Lishikeni neno hilo, kufungwa. Kila nitakachosema kuanzia sasa kimesimama juu yake.

Sasa niwape kitu kilichonishangaza mimi kuliko kasi. Nilipokwenda mara ya kwanza nilidhani nakwenda kuona wendawazimu. Vijana wenye moyo wa chuma, wasioogopa. Nikakuta wanaume wa miaka arobaini, wengine wana mvi, mafundi bomba, mafundi ujenzi, wafanyabiashara wadogo, wamekaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya magari yao wamefumba macho. Nikafikiri wanasali. Kumbe wanapita njia. Mtu amefumba macho, kichwa kinainama kushoto kidogo, kinainuka, kinainama kulia, kidole gumba kinasogea. Anaikimbia barabara nzima kichwani. Ina kona zaidi ya 200, na karibu kila moja ina jina: Quarterbridge, Greeba, Glen Helen, Gooseneck, Creg-ny-Baa. Mtu hawezi kushinda pale kama hajazihifadhi zote kwa mfuatano, kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi juzuu, kwamba ukimshtua usiku wa manane na aya moja anaendelea na inayofuata.

Na haitoshi kujua kona. Anajua kwamba kabla ya kona fulani kuna geti jeupe, na geti likilingana na bega lake ndipo anaachia resi. Anajua mti gani unatupa kivuli ambacho hukaa na unyevunyevu mpaka saa sita mchana. Anajua lami ilirekebishwa wapi tangu mwaka jana. Kona nyingi huzioni mwisho wake unapoziingia. Ukiwa kwenye 250 ukingoja uone ndipo uamue, umeshachelewa. Kwa hiyo mtu huyu haendeshi kwa macho. Anaendesha kwa kumbukumbu, macho kazi yake ni kuhakikisha tu kwamba kilichopo kichwani ndicho kilichopo njiani.

Wageni hawaachiwi hivihivi. Lazima uwe umeshindana kwingine ukaonekana, upewe leseni ya mzunguko ule, utazame video za mzunguko mpaka mke akimbie sebuleni, uizunguke kwa gari la kawaida mara makumi. Siku ya kwanza ya mazoezi wageni wanavalishwa vizibao vya rangi ya chungwa na kuongozwa na wasimamizi wenye uzoefu, taratibu, kama bwana harusi anavyosindikizwa. Wenyewe kwa wenyewe husema inachukua miaka mitatu kuanza kuijua njia. Na hawaondoki kwa pamoja bega kwa bega; anaachiwa mmoja, sekunde kumi, anaachiwa mwingine. Kila mtu anashindana na saa. Hicho kinawapa upweke fulani ambao sijauona katika mchezo mwingine.

Ndiyo maana aliye na kasi kubwa kuliko wote, ukimtazama, utadhani hana haraka. Anayetapatapa, anayetikisika, anayefunga breki kwa kishindo, yule ndiye tunayemwogopea sisi tuliosimama pembeni.

Niwaambie nilisimama wapi. Mwaka wa tatu nilijiandikisha kuwa msimamizi wa njia. Ni kazi ya kujitolea, hulipwi senti. Mbio hazianzi mpaka wasimamizi wapatikane wa kutosha kila kipande, mamia ya watu: walimu, wastaafu, mafundi, wauguzi kama mimi. Unafundishwa bendera, unafundishwa redio, unapewa kizibao na kipande chako cha njia. Mimi nilipewa kijijini, mahali penye ukingo wa miti midogo na bustani ya bibi mmoja mwenye mbwa kiziwi. Nilikuja kugundua faida ya mbwa kuwa kiziwi.

Linapita gari lenye maandishi ya kutangaza kwamba barabara imefungwa. Baada ya hapo ni kimya. Kimya cha kweli, wa Dar mmekisahau kimya cha namna hiyo: kondoo analia kilima cha pili unamsikia, kijiko kinagonga kikombe ndani ya nyumba ya bibi. Watu wamekaa kwenye viti bustanini, mikate yao mapajani. Redio ya kisiwa inataja majina. Halafu mbali, kama nyuki ndani ya kopo, kitu kinaanza. Nyuki anakuwa msumeno. Msumeno unakuwa kitambaa kinachopasuliwa, na kabla hujamaliza kukaza shingo, kimepita. Sisemi nilimwona mtu. Niliona rangi nyekundu na nyeupe iliyolala, goti karibu na ukingo wa zege, na helmeti imepita pembeni ya majani kiasi kwamba majani yalimfuata. Yaliinama yote upande aliokwenda. Upepo ukanipiga kifuani kama mlango. Harufu ya mafuta ikabaki, bibi akaokota leso yake iliyoruka, akaniuliza kama natia sukari kwenye chai.

Huo ndio ulevi wenyewe, ndugu zangu. Siwezi kuufanya kuwa kitu cha heshima zaidi ya hapo. Moyo unadunda, unacheka bila sababu, unataka apite mwingine. Na mimi nilikuwa nimesimama tu. Aliye juu yake inakuwaje?

Tupige hesabu kidogo, si nyingi. Kilomita 320 kwa saa ni mita 89 kila sekunde. Uwanja mzima wa mpira, goli hadi goli, unaumaliza kwa sekunde moja na chembe. Ukipepesa macho umekwenda mita karibu 30 ukiwa kipofu. Na nguvu iliyo ndani ya kitu kinachokwenda haikui sawa na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Kijana anayekimbia 80 na huyu wa 320, tofauti ya kasi ni mara nne, lakini nguvu ya kumpasua mtu ni mara kumi na sita. Hakuna koti la ngozi lililoshonwa kwa ajili ya ukuta wa mawe kwa nguvu hiyo. Na kinachomshikilia barabarani ni vipande viwili vya mpira, kila kimoja upana wa kiganja chako.

Kule Douglas, mji mkuu wa kisiwa, kuna mteremko unaitwa Bray Hill, mtaa wa makazi, nyumba kushoto na kulia zenye visanduku vya barua. Wanaushuka gia ya juu kabisa. Chini yake barabara inakunjuka ghafla na pikipiki inagandamizwa mpaka tumbo lake linakwaruza lami; mwanga ukiwa hafifu unaona cheche. Kwenye daraja la Ballaugh wanaruka magurudumu yote mawili yakiwa hewani, na ufundi ni kutua na la nyuma kwanza. Ukitua na la mbele, usukani unaanza kutikisika kushoto kulia kama mbwa anayejikung'uta maji, na hapo huna tena wa kumshitaki.

Tangu 1911, katika mbio na mazoezi kwenye mzunguko ule, pamoja na mashindano mengine yanayofanyika pale baadaye kila mwaka, wamekufa wapanda pikipiki zaidi ya 260. Mwaka 2022 peke yake TT iliua watu sita. Wawili kati yao walikuwa baba na mwanawe, kwenye pikipiki moja yenye kigari cha pembeni.

Nimeacha mnyamaze kidogo kwa makusudi.

Kuna familia moja ambayo huwezi kusimulia mbio hizi bila kuitaja, akina Dunlop wa Ballymoney, Ireland ya Kaskazini. Joey Dunlop alikuwa na baa, hakuwa mtu wa maneno, nywele hazichanwi, sigara mkononi, na alishinda TT mara 26. Mashindano yakiisha alikuwa anajaza gari lake nguo na vyakula, anaendesha mwenyewe, peke yake, mpaka kwenye vituo vya watoto yatima Romania na Bosnia. Juni 2000, akiwa na miaka 48, alishinda TT tatu ndani ya juma moja. Tarehe 2 Julai, mwezi haujaisha, akafa kwenye mbio za mtaani mjini Tallinn, Estonia, mvua inanyesha, juu ya pikipiki ya cc 125. Ndiyo, 125. Injini kama uliyoiegesha hapo nje.

Mdogo wake, Robert, naye alikuwa bingwa. Mei 2008, siku ya Alhamisi, akafa katika mazoezi ya mbio za North West 200, kwao huko huko Ireland ya Kaskazini. Robert alikuwa na watoto wa kiume wapanda pikipiki, William na Michael. Jumamosi, siku mbili tu baadaye, maiti ya baba iko nyumbani, wale vijana wakaja kwenye mstari wa kuanzia wakiwa wamevaa. Wenye mashindano walijaribu kuwazuia, wakakataa. Pikipiki ya William iliharibika kabla ya kuanza. Michael akakimbia, mbio zilezile ambazo baba yake alikuwa akizifanyia mazoezi, akashinda.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi na kila mara ukumbi hugawanyika. Wako wanaosema huyo ni mwanamume. Wako wanaosema kwetu mtoto huyo angefungiwa ndani na wajomba zake mpaka arobaini ipite. Mimi mwanzoni nilikuwa kwa wajomba. Siku hizi sijui. Nadhani kulikuwa na mahali pamoja tu duniani siku ile ambapo angeweza kuwa na baba yake, na mahali hapo palikuwa panakwenda kilomita 200 kwa saa. Mwaka 2018 William naye akafa, kwenye mazoezi, Skerries, kule Ireland. Michael bado anakimbia. Mwaka 2024 aliipita rekodi ya Joey, ami yake. Alimaliza juma lile akiwa na ushindi 29.

Watu wakifa kule, kuna sentensi husemwa haraka sana: alikufa akifanya alichokipenda. Siipendi. Nimekaa na mke wa mtu mmoja, sitasema lini wala wapi, kwenye benchi la plastiki, na sentensi hiyo ilipotamkwa karibu yake niliona mkono wake unavyokaza mkoba. Alichokipenda mumewe kilikuwa pia kurudi kwenye hema jioni na kukaanga vitunguu. Yeye ametia saini fomu ya hatari, ni mtu mzima, anajua. Watoto hawakutia saini.

Wapo waliokataa, na hawakuwa waoga. Mwaka 1972 Mwitaliano Gilberto Parlotti alikufa kwenye mbio za 125 mlimani, mvua na ukungu. Rafiki yake Giacomo Agostini, bingwa wa dunia, mtu aliyeshinda TT mara kumi, akasema mimi hapa sirudi. Phil Read akasema hivyohivyo. Ikafika mahali mabingwa hawaji, na baada ya 1976 TT ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Wengi walidhani imekufa. Haikufa, wenye kuipenda walikuja bila kulazimishwa na pointi. Na kwa mtazamo wangu hapo ndipo pana unyoofu wake. Tangu siku hiyo hakuna anayekwenda pale kwa kulazimika.

Mambo yamerekebishwa pia, niwe mkweli. Kuna helikopta zenye madaktari. Mlimani ukishuka ukungu, na kisiwa kile kinapenda ukungu, wana jina lake kabisa, wanauita vazi la Manannán, mungu wao wa kale wa bahari, basi helikopta hairuki, na helikopta isiporuka hakuna mbio, hata kama kona zote nyingine zina jua na watu makumi ya maelfu wamesafiri kwa meli kuja kutazama. Tunakaa. Tunakunywa chai ya bibi. Nimewahi kukaa hivyo saa tano.

Sasa nitimize ahadi yangu kwa huyu wa dakika arobaini kwenda Bagamoyo. Mwaka 1954 Soichiro Honda, fundi wa Kijapani ambaye kampuni yake ilikuwa inayumba, alitangaza kwamba atapeleka pikipiki zake TT. Watu wakacheka. Wakafika 1959, wakajifunza. Mwaka 1961 pikipiki ya Honda ya 125 ikashinda, wastani wake zaidi ya kilomita 140 kwa saa, mlima ukiwemo. Kwa injini ya 125! Kwa hiyo kijana wangu, ukiniambia Boxer yako inakimbia, nakuheshimu, lakini tulia.

Aliyekuwa juu ya Honda hiyo ni Mike Hailwood, na habari yake ndiyo iliyonileta hapa.

Hailwood alishinda TT mara 14. Aliondoka, akaenda kwenye magari ya Formula 1. Mwaka 1973, Kyalami, Afrika Kusini, magari yaligongana na dereva mwenzake, Clay Regazzoni, akabanwa ndani ya moto. Hailwood akaingia kumtoa, nguo zake zikashika moto, akazimwa, akarudi tena motoni, akamtoa. Akapewa nishani ya ushujaa. Mwaka 1978, miaka 11 tangu alipokimbia TT mara ya mwisho, ana miaka 38, mguu umeumia, wengi wakamwambia mzee kaa nyumbani, alirudi kisiwani juu ya Ducati akashinda. Wazee wa kule wakisimulia siku ile bado wanavua kofia.

Mtu huyu alikuwa ameimaliza hatari yote ambayo binadamu anaweza kupewa juu ya magurudumu. Machi 1981, jioni ya Jumamosi, aliwachukua watoto wake wawili kwenye gari wakanunue samaki na chipsi. Barabara ya kawaida, Uingereza. Lori likageuza mahali pasiporuhusiwa kugeuza. Binti yake wa miaka tisa alifia palepale. Yeye alifariki siku mbili baadaye. Mtoto wa kiume alipona.

Barabara ile ilikuwa wazi. Hakukuwa na bendera, hakukuwa na msimamizi kila kona mwenye redio, hakukuwa na mtu aliyefagia mchanga asubuhi, na upande wa pili hakukuwa na mtu aliyejua anachokifanya mwenzake. Mimi nimelala lami mara moja maishani, hapo Mapinga, kijana, nikiwa kwenye 60. Mchanga uliomwagwa na tipa. Sikuwa nakimbia. Aliyeniamsha ni mwenye mbuzi, na swali lake la kwanza lilikuwa kama nimemgonga mbuzi.

Katikati ya mashindano kule, hadi 2022, kulikuwa na Jumapili isiyo na mbio, wanaiita Jumapili ya Wendawazimu. Watazamaji wenyewe walipanda pikipiki zao wakajaribu njia ya mabingwa. Nje ya miji, barabara nyingi za kisiwa kile hazina kikomo cha mwendo. Siku hizi wanaifanya ile ya mlimani kuwa ya upande mmoja ili wasigongane uso kwa uso. Mnajua ni siku gani sisi watu wa tiba tulikuwa na wasiwasi? Si siku ya Hickman. Ilikuwa hiyo. Mtu ametazama juma zima, damu imemchemka, anadhani alichokiona ni ujasiri. Hakuona macho yaliyofumbwa kwenye kiti cha kukunja.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nimalizie nilipokuwa nimesimama.

Mwaka ule wa tatu, mbio za mwisho zilikwisha alasiri. Mshindi ameshatajwa redioni, watu wanakunja viti. Sisi wasimamizi bado tuko mahali petu, hairuhusiwi mtu kuvuka. Tunaokota takataka, tunafagia. Kwenye ukingo wa zege palikuwa na mstari mweusi wa mpira, mwembamba, ambapo wote walikuwa wanapita, wote mahali pamoja, hauzidi upana wa mkono. Niliinama nikaugusa, ulikuwa bado na uvuguvugu.

Likaja gari lenye maandishi ya kutangaza kwamba barabara imefunguliwa. Likapita taratibu. Nyuma yake foleni: mwenye mkate, mama na watoto wamerundikana nyuma, mzee wa trekta. Mama yule alipofika pale penye mstari mweusi alikanyaga breki, akapisha paka. Bibi akatoka kuokota vikombe. Nikakunja bendera, nikavuka kwenda kituoni, na basi likaja, likawasha indiketa, likasimama.